Chupa ya Bluu ya Mkunga

Jumatatu iliyopita nilikwenda sokoni Tunduma kununua vitunguu, nikarudi na chupa ya maua. Mume wangu aliponiona nashuka kwenye bodaboda nimeikumbatia kifuani, akasema nyumba yetu ya Chapwa sasa ina chupa nyingi kuliko baa. Ana haki ya kusema. Kabati la sebuleni lilikuwa la sahani. Sahani zimehamia jikoni na chupa za maua zimekaa mahali pake, kumi na kitu, zote za mtumba, zote za kioo kizito cha nchi za baridi. Ila hii ya Jumatatu sikuinunua kama zile nyingine.

Nilikuwa napita tu. Muuza vyombo alikuwa anafungua boksi jipya, anatoa sahani, chupa za chai, sufuria zisizo na mifuniko, anazipanga juu ya turubai. Katikati ya vitu hivyo akaitoa chupa ya bluu, ndefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko, nyembamba shingoni, nzito chini. Mama mmoja wa Zambia aliyekuwa ameinama kando yangu akaiwahi.

"Mulishani, mayo," alinisalimu, kisha akamgeukia muuzaji. "Hii ni ya nini?"

"Ya maua hiyo, mama. Kioo orijino, gonga usikie."

"Maua yangu mimi yako nje, yanajimwagilia yenyewe," akasema, akairudisha chini na kuchukua sufuria.

Nikaiokota. Nikaigeuza kichwa chini, miguu juu, kama nilivyofundishwa na bibi yangu. Alikuwa akisema, "Chombo usikipende kwa mdomo, kigeuze ukione kitako." Kitako cha chupa ile kilikuwa kinene na laini, kimechorwa herufi kwa mkono kama vile mtu alitumia ncha ya msumari, na ndani ya kioo, karibu na ukingo, kulikuwa na kipovu kimoja cha hewa kilichonaswa humo tangu siku ilipopulizwa. Chupa kama ile niliiosha kila Jumamosi utotoni. Nikakaa juu ya robota la mtu, nikaomba radhi, nikaipakata.

Nimekulia Igamba, kwa bibi na babu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sakafu ya saruji nyekundu, kahawa mbele na kahawa nyuma. Kabla sijazaliwa, bibi alikuwa mpishi wa wauguzi wa Kizungu katika hospitali ya misheni. Wengine walitoka Denmaki, wengine Swideni, mmoja Finlandi, nchi ambazo bibi alizitaja kana kwamba ziko nyuma ya vilima vya Ihanda na angeweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Kila muuguzi alipomaliza muda wake na kurudi kwao alifunga nguo na picha, akaacha kinachovunjika. Kinachovunjika kilikuwa chupa yake ya maua. Wale watu, bibi alisema, hawawezi kukaa chumbani bila ua. Huko kwao theluji ikifunika kila kitu, hata tawi kavu hutiwa kwenye chupa likaangaliwa. Basi chupa zikaja kwa bibi, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa sita.

Hakuziita kwa rangi. Aliziita kwa wenyewe. Ya kahawia iliyofanana na moshi ilikuwa Wa Meno. Ya kijani, fupi na nene, ilikuwa Wa Maabara, na bibi alicheka kila alipoishika kwa sababu huyo wa maabara naye alikuwa hivyo hivyo. Ya rangi ya asali ilikuwa Wa Watoto. Mbili nyeupe zenye magamba kama barafu zilikuwa Mapacha, zilizoachwa na dada wawili waliofanya kazi pamoja. Na ya bluu ilikuwa Mkunga.

Zilikaa zote kwenye ukingo wa dirisha la mashariki. Asubuhi jua likipanda juu ya mibuni, lilipita ndani yake na kumwaga rangi sakafuni, na rangi zile ndizo zilikuwa saa yetu. Rangi ya asali ikigusa mguu wa meza, niwe nimeshakunywa uji wangu wa ulezi. Kijani kikifika kizingitini na mimi bado nipo ndani natafuta daftari, nimechelewa shule, na bibi hakuwa na haja ya kuniambia. Mwalimu wetu aliwahi kuniuliza mbele ya darasa kwa nini nimechelewa, nikamjibu kwamba kulikuwa na mawingu. Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuziosha. Bibi alitia ndani ya kila chupa maji ya uvuguvugu, majivu kidogo na ukufi wa chenga za mahindi, kisha akanikabidhi niitikise. Chenga zilifika mahali ambapo vidole haviwezi kufika. Mlio ule, shaa, shaa, shaa, nikiusikia hata leo mtu anapopepeta mchele, nageuka. Baada ya hapo tulikwenda kutafuta vya kuweka. Wa Meno alipewa mbelewele za mahindi. Wa Watoto alipewa maua ya dalia kutoka uani. Mapacha walipenda ulezi mkavu, au bibi alisema wanapenda. Wa Maabara hakuchagua, alikula chochote, hata majani ya kiazi kitamu.

Mkunga hakupewa kitu. Tuliiosha kama wenzake, tuliifuta mpaka ikalia chini ya kitambaa, kisha bibi akairudisha mwisho wa dirisha ikiwa tupu. Niliwahi kuuliza. Akaniambia, "Hiyo imeshiba." Mtoto ukijibiwa hivyo unajua usirudie.

Lazima nikueleze jambo kuhusu kahawa, kama hukukulia kwenye kahawa. Mvua za kwanza zikinyesha, mibuni hukaa siku chache kimya, halafu unaamka asubuhi shamba lote ni jeupe. Harufu yake ni tamu mpaka inakera, inaingia kwenye blanketi, kwenye uji, kwenye nywele. Nyuki wanavuma tangu alfajiri. Siku tatu, labda nne, kisha yote yanageuka rangi ya kutu na kudondoka. Na katika siku hizo hakuna anayegusa. Ua la kahawa halikatwi. Kila ua ni punje, na babu alisema anayekata ua la kahawa amemkatia mtoto daftari. Sisi wajukuu tulipita katikati ya mibuni mikono ikiwa kifuani, kama watu wanaokwenda kupokea sakramenti.

Nilikuwa na miaka tisa bibi alipougua malaria kali, naye akalala siku nyingi chumbani uso ukiwa ukutani. Maua yaliyokuwa kwenye chupa yalikauka. Jumamosi ikapita bila kuosha. Kisha shamba likachanua, na bibi hakuamka kuliona. Niliumia kwa ajili yake kuliko ninavyoweza kueleza. Nikachukua mkasi wa babu wa kupogolea, nikaenda mpaka mbuni wa mwisho karibu na mfereji, nikakata tawi lililojaa maua kutoka shina hadi ncha. Nilijua ninachofanya. Chupa zote zilikuwa na mabua makavu isipokuwa ile tupu, nikaona hiyo ndiyo rahisi. Nikaijaza maji, nikatia tawi, nikaiweka kwenye kigoda karibu na kichwa cha bibi.

Alisikia harufu kabla ya kugeuka. Aligeuka polepole, akaiona chupa, akaliona tawi, na bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani, akalia bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Nikadhani nimemuua. Hapo ndipo babu akaingia, kofia kichwani, matope miguuni.

Aliangalia tawi. Mimi nilikuwa bado nimeshika mkasi, hata kuuficha sikukumbuka.

"Nimemtuma mimi," bibi alisema.

Bibi, mke wa mzee wa kanisa, alidanganya mchana kweupe kitandani kwake. Babu akavua kofia. Alisimama akiwa ameishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, kama anavyosimama mtu kaburini, halafu akatoka nje. Siku hiyo hakula. Mimi nilingoja fimbo siku ile, nikaingoja kesho yake, na mpaka leo bado naingoja.

Bibi alinieleza wakati wa mavuno, alipokwishapona. Tulikuwa tunachuma kule karibu na mfereji, tukafika kwenye ule mbuni. Matawi yote yalikuwa mekundu kwa kahawa mbivu isipokuwa pale palipobaki kigutu. Akakishika kwa vidole viwili.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "kabla ya mama yako nilikuwa na mtoto mwingine. Alikuja kimya. Yule mkunga alimpulizia pumzi mpaka jasho likamtoka, mtoto hakujibu."

Kwetu mtu akifiwa watu humletea unga, kuni na maji. Mkunga yule alikuja asubuhi yake amebeba chupa ya bluu, maana kwao mtu akifiwa hupelekewa maua meupe. Alikuja nayo ikiwa tupu kwa sababu bustani ya hospitali haikuwa na ua jeupe. Shamba letu lilikuwa jeupe lote. Akamwomba babu tawi moja tu, la kuweka kwenye kaburi la mtoto. Babu, kijana wakati ule, mwenye wadogo zake watano wa kusomesha, akajibu kwamba kahawa haikatwi ikiwa na ua, na kwamba aliyekufa hana ada ya shule. Mkunga akaiacha chupa mlangoni, tupu, akaondoka. Bibi aliiokota. Hakumlaumu babu, alisema, hata siku moja. Ila hakutia kitu ndani yake kamwe.

"Siku yangu ikifika," bibi akasema, "kama ni wakati wa maua, niwekee tawi kwenye chupa ya mkunga. Siku hiyo babu yako hatakataa."

Nikaahidi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa mtoto na sina haya, nikauliza, "Na baadaye chupa itakuwa yangu?"

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Tazama mke mwenzangu alivyo na haraka ya kurithi." Hakusema ndiyo. Mimi nikakichukua kicheko kile kuwa ndiyo, nikakaa nacho miaka yote.

Nilikua, nikaolewa, nikahamia Tunduma. Nilifungua chumba cha kushona na kuuza mapazia, nikawa navuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta vitambaa. Katika mitumba nikaanza kukutana na chupa za kioo kizito, nikazigeuza, nikazinunua. Kwenye simu nikajifunza kwamba huko Ulaya kuna watu kama mimi, wanaozipanga madirishani na kuzipiga picha na kubishana kuhusu mwaka na fundi. Nilizitambua Wa Meno na Mapacha kwenye picha za watu nisiowajua. Nikajivuna. Nikawa naingia nyumbani kwa bibi, namwamkia, na macho yangu yanakwenda dirishani kabla hajamaliza kuitikia. Aliona. Bibi aliona kila kitu.

Alifariki mwezi wa kumi na moja, siku ambazo kahawa imechanua. Simu ilinikuta upande wa pili wa mpaka. Nilipovuka, foleni ya malori ilikuwa imefunga barabara kuanzia forodhani hadi nje ya mji, na gari nililopata lilisimama kuliko lilivyokwenda. Nilishuka, nikatembea, nikapanda pikipiki, tairi ikapasuka. Nilipofika Igamba alikuwa ameshazikwa tangu mchana, na watu wanakula.

Nilikwenda moja kwa moja kaburini, kwenye ukingo wa shamba walikolala wazee wetu. Tangu utoto nilikuwa nimeyaona makaburi yale: sahani za bati, vikombe, vyungu, vyote vya marehemu mwenyewe, vyote vimetobolewa chini. Tuliambiwa tusiviguse. Chombo alichokipenda mtu huwekwa juu yake, na hutobolewa ili kisitamaniwe na aliye hai. Sio kila ukoo unafanya hivyo siku hizi, na mchungaji hupenda kutazama pembeni, lakini kwetu bado. Nilijua haya yote kama ninavyojua jina langu.

Juu ya udongo mbichi zilisimama chupa za bibi. Zilikuwa nne. Pacha mmoja na Wa Maabara walikuwa wamepasuka kabisa wakati wa kutobolewa, vipande vimefukiwa pembeni. Mkunga ilisimama upande wa kichwa, na ufa umepanda ubavuni mwake kutoka chini hadi nusu. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, msumari mkubwa na jiwe bado viko karibu na mguu wake. Alikuwa amezitoboa mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

Sikulia. Ningekuwa nimelia, nisingekuwa nakuandikia haya. Nilisema, "Babu, mmeziharibu? Mnajua watu wanazitafuta dunia nzima? Hii ya bluu ilikuwa yangu."

Mama mdogo akanishika mkono, akauachia. Babu aliniinulia macho yake yenye ukungu, akasema taratibu, "Mke wangu, hata shikamoo hujanipa."

Ndipo nikaona. Ndani ya chupa ya bluu kulikuwa na tawi la kahawa, limejaa maua. Na kando, juu ya kilima kidogo cha udongo wa zamani kilichosawazishwa na mvua za miaka mingi, ambacho mimi nilikuwa nikikiruka nikienda kuteka maji bila kujua ni nini, kulikuwa na tawi la pili.

"Moja la mama, moja la mtoto," babu alisema. "Nilikungoja. Nikaona ua halingoji mtu."

Alinituma maji. Nilikwenda mferejini na kikombe, nikarudi, nikayamimina kwenye chupa ya bluu. Yalipita moja kwa moja. Yakatoka chini, yakaingia udongoni, na chupa ikabaki kavu kama ilivyokuwa. Nikageuka kumtazama babu, nikidhani nimekosea tena.

"Mwache anywe," akasema.

Shikamoo nilimpa baadaye, nikiwa nimepiga magoti, naye akaitikia kama kawaida na kuniuliza habari za watoto. Hakuligusa tena neno langu. Mwaka uliofuata naye akaondoka, tukamwekea kofia yake na ule mkasi. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mimi ndiye mjukuu, na nimekuja mwisho wa safari kama majuto yenyewe.

Sasa ukienda Igamba hutaziona zile chupa. Jua, mvua na mpira wa watoto vimezimaliza. Mara ya mwisho niliokota kipande cha rangi ya asali kisichozidi ukucha, nikakirudisha nilipokitoa. Mibuni ya babu imeng'olewa. Binamu zangu wamepanda parachichi, watoto wao wanasoma vizuri, na siwezi kuwalaumu kwa jambo ambalo babu mwenyewe angelifanya. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, hakuna asubuhi inayoamka nyeupe. Dirisha la mashariki limezibwa kwa tofali tangu walipoongeza chumba. Mama mdogo anaamshwa na simu.

Hii ya Jumatatu niliiosha jana. Nilitia maji ya uvuguvugu, majivu, ukufi wa chenga, nikaitikisa, shaa, shaa, mpaka binti yangu akatoka chumbani kuuliza nafanya nini. Nikaikausha, nikaiweka dirishani. Dirisha letu la Chapwa linatazama ukuta wa jirani na maegesho ya malori, jua linafika saa nne likiwa na vumbi, lakini lilifika. Rangi ya bluu ikaanguka sakafuni, karibu na mguu wa kiti.

Sikuwa na tawi la kahawa. Nikachukua kikombe cha maji, nikamimina polepole, nikaweka kiganja changu chini ya kitako na kungoja.

Kiganja kilibaki kikavu. Maji yalijaa mpaka shingoni, yakatulia humo, hayakumfikia mtu.